Kereng'ende wa Nchi ya Baridi: Safari ya Gehandu

Kiswahili chetu ni tajiri mno katika mambo ya baharini. Mvuvi wa pwani avutapo wavu wake hatosheki kusema kwamba amepata samaki. Atakutajia changu, tasi, pono, kolekole na nguru, na kila mmoja ana ladha yake na bei yake. Lakini mtu yuyo huyo akimwona mdudu mwenye mabawa manne ya kioo akipita juu ya maji, humwita kereng'ende, na hapo maneno yamekwisha. Awe mrefu kama kidole au mwembamba kama sindano, awe mwekundu au wa buluu, jina ni hilo moja. Tena hata jina lenyewe si lake peke yake, kwani katika baadhi ya sehemu ndege mmoja wa jamii ya kwale naye huitwa kereng'ende.

Msomaji aweza kuuliza, kuna dhara gani katika hayo? Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 6,000 za mdudu huyu duniani, na zaidi ya 700 katika Afrika; ni nani awezaye kuzipa zote majina? Mimi sisemi tuzipe zote majina. Nasema ya kwamba jina hili moja laweza kuificha hasara. Nchi yaweza kuwapoteza kereng'ende wake wenyewe, waliozaliwa katika maji yake ya baridi, na watu wasitambue neno, kwa sababu kila masika hewa hujaa kereng'ende wengine waliokuja na upepo kutoka mbali. Jambo hili nililiona kwa macho yangu katika nchi ya Gehandu, na ndilo nitakalolieleza.

Tuanze na nchi yenyewe. Jina la Gehandu limo katika wilaya mbili zinazopakana za Mkoa wa Manyara, yaani Mbulu na Hanang. Zamani nchi yote ile ilikuwa chini ya Wilaya moja ya Mbulu, na mkoa wenyewe ulikatwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Wenyeji wake wengi ni Wairaqw, ambao majirani wamezoea kuwaita Wambulu, watu wa jembe na ng'ombe, ambao lugha yao ina undugu na lugha za Wakushi wa upande wa Ethiopia. Pamoja nao wako Wadatoga, wafugaji hodari, ambao lugha yao ni ya jamii nyingine kabisa. Waislamu huko si wengi, lakini wapo, na ukarimu wao kwa mgeni ni mkubwa.

Nilikwenda mwezi wa Aprili kwa ajili ya arusi ya kijana niliyemsomesha madrasa tangu alif, ambaye biashara ilimpeleka bara na sasa amepata mchumba huko. Njia yetu iliacha barabara kuu ya Arusha na Babati mahali paitwapo Mbuyu wa Mjerumani, ikaelekea magharibi, kisha ikaupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa njia ya Magara. Chini pale ni nchi ya joto, yenye mibuyu na vumbi. Gari hupanda, likageuka, likapanda tena, na abiria mmoja mmoja huanza kutafuta makoti yao. Ukifika juu, hewa ni nyingine, mawingu yako karibu, na mbuyu huuoni tena. Kutoka Mbulu mjini tulielekea kusini, katika nchi ya vilima vya mviringo vilivyolimwa mahindi, maharage, ngano na vitunguu saumu.

Asubuhi mawingu yanapofunguka, Mlima Hanang huonekana peke yake upande wa kusini, mrefu wa zaidi ya mita 3,400. Juu ya msitu wake miti mikubwa hukoma, hufuata vichaka na majani mafupi yapigwayo na upepo mchana na usiku. Wenyeji hawautazami tena mlima ule kwa moyo wa zamani, tangu siku ile ya tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilipoleta matope na mawe kutoka mlimani, yakafunika sehemu za Katesh na Gendabi, wakafa watu zaidi ya 80. Kila niliyezungumza naye alikuwa na la kusimulia, na sauti hushuka wanapofika hapo.

Lakini mimi nataka kumpeleka msomaji mahali padogo zaidi, ambapo wasafiri hupapita bila kupatazama. Kati ya kilima na kilima, katika nchi ile ya juu, maji hutoka ardhini polepole na kuloanisha bonde. Hapo hapaoti mti. Huota ndago na majani mafupi magumu, na udongo wake ni mweusi, mwororo kama sifongo. Ukikanyaga, maji hujaa katika unyayo wako. Huko ndiko anakokaa kereng'ende wa nchi ya baridi.

Huko Ulaya ya kaskazini, hususan Uingereza, Uskoti na nchi za Skandinavia, zipo nchi pana za namna hiyo, wazi, za baridi, zenye vichaka vifupi vya maua ya zambarau na udongo mweusi wa mboji uliolowa miaka na miaka. Vichaka vile vina ndugu zao kwetu, katika Kilimanjaro, juu ya mpaka wa msitu. Watu wa huko wamewachunguza kereng'ende wa nchi hizo kwa muda mrefu sana. Mmoja wao, mkubwa, mwenye madoa ya buluu na manjano, alipewa jina la kitaalamu na Linnaeus mwaka 1758, na leo huitwa Aeshna juncea. Anao ndugu wanaofanana naye mno, na mtu akifuata rangi peke yake hatafika popote. Lakini tazama mshipa mnene ulio katika ukingo wa mbele wa bawa lake: huo ni wa manjano, kana kwamba umechorwa kwa kalamu, na kwa ndugu zake sivyo. Mtoto wake hukaa katika maji baridi miaka miwili au zaidi kabla ya kutoka na kuruka. Tena jike wa aina hii ana hila ya ajabu, ambayo mtaalamu mmoja aitwaye Rassim Khelifa aliiandika mwaka 2017 baada ya kuwachungulia katika milima ya Uswisi: dume amsiyemtaka akimfukuza, jike hujiangusha chini na kulala chali kama aliyekufa, hata dume aende zake.

Nimemtaja mgeni huyu kwa sababu ya ule mshipa. Elimu yote ya kumtambua kereng'ende imo ndani yake. Rangi hudanganya, kwa kuwa kijana aliyetoka majini leo ni wa kijivujivu, na baada ya siku chache hubadilika. Dume ni wa buluu na jike ni wa hudhurungi, ilhali ni aina moja. Anayetaka kujua na ayaulize mabawa, na mwisho wa mkia, na maji alimotoka.

Swali la kwanza ni la mabawa. Kereng'ende wakubwa, watuapo, huyaacha mabawa yamenyooshwa pande zote mbili kama mtu aliyefungua mikono. Wale wadogo wembamba, wengi wao, huyafunga juu ya mgongo kama mtu afungavyo kitabu. Wako wachache wasiofuata kanuni hii, lakini kwa kuanzia yatosha. Watoto wao wote huishi majini, nao ni wakali kupita wazazi: mdomo wa chini umekunjwa kama mkono, hufyatuka ghafula ukakamata viluwiluwi vya mbu na wadudu wengine. Watoto wa wale wembamba huonekana wana matamvua matatu mfano wa manyoya nyuma ya mkia. Ukichota maji ya kisima ukamwona mnyama wa namna hiyo, usimtupe kwa chuki, anakupunguzia mbu.

Sasa kuna mmoja katika wale wakubwa ambaye lazima tumfahamu vema, maana yeye ndiye anayewafunika wengine wote. Jina lake la kitaalamu ni Pantala flavescens. Ni wa manjano iliyoiva, ikielekea rangi ya chungwa; mabawa yake ya nyuma ni mapana shinani; hukaa hewani saa nyingi bila kutua, na akitua hujining'iniza wima kama nguo kambani. Huyu ndiye mnayemwona kabla ya mvua na baada yake, makundi kwa makundi, juu ya viwanja vya mpira, juu ya mashamba, hata katikati ya mji mbali na maji yoyote. Mwaka 2009 Charles Anderson, mtaalamu wa viumbe vya bahari aliyekuwa akiishi Visiwa vya Maldivi, alieleza jambo lililomshangaza: kila mwaka, kuanzia Oktoba, kereng'ende hawa hufika visiwani kwa wingi mno, na visiwa vile karibu vyote havina mito wala maziwa ya kuwazaa. Alitambua ya kwamba hutoka Bara Hindi, hupumzika, kisha huendelea kuivuka bahari hadi Afrika ya Mashariki, wakipeperushwa na pepo za msimu. Vizazi vyao ndivyo virudivyo. Safari nzima, kwenda na kurudi, aliikadiria kuwa ya kilomita 14,000 hadi 18,000, nayo hukamilishwa na vizazi kadhaa wakipokezana. Wazee wetu wa pwani wana jina la upepo ule. Ni kaskazi, iliyoyaleta majahazi.

Msafiri wa namna hii hachagui maji. Dimbwi la mvua lamtosha, hata maji yaliyosimama katika alama ya tairi. Mtoto wake aweza kumaliza maisha yake ya majini kwa muda wa wiki sita hivi, kabla dimbwi halijakauka. Akaushe mtu vinamasi vyote vya wilaya, yeye atakuja vilevile mwakani.

Basi turudi bondeni. Nyumba niliyofikia ilikuwa ya mkwe wa kijana wetu, mzee wa Kiiraqw, mtu wa maneno machache. Chini ya nyumba yake kuna bonde dogo lenye chemchemi kichwani na kinamasi mbele yake. Nusu ya chini ya kinamasi hicho ilikuwa imechimbwa mtaro tangu mwaka uliopita, ili maji yatoke na pandwe vitunguu saumu. Nusu ya juu ilikuwa bado kama ilivyoumbwa. Wajukuu wake wawili wa kiume walinifuata kila mahali. Mkubwa yuko kidato cha tatu, na katika simu yake alikuwa na picha za baadhi ya kurasa za kitabu cha Klaas-Douwe Dijkstra na Viola Clausnitzer, kilichotolewa mwaka 2014, ambacho kinawaeleza kereng'ende wa Afrika ya Mashariki, aina zaidi ya 500. Mwalimu wake wa elimu ya viumbe ndiye aliyempa. Kitabu ni cha Kiingereza. Kwa hiyo tuligawana kazi, yeye akasoma na mimi nikatazama.

"Hapa kereng'ende hawaishi, Maalim," alisema yule mdogo, akionyesha juu ya mahindi. Na kweli walikuwa wengi. Tuliwatazama mmoja mmoja kadiri tulivyoweza, na wote walikuwa wa manjano, wenye mabawa mapana, wasiotua. Walikuwa wasafiri wetu wa kaskazi.

Tuliteremka mpaka ukingo wa maji. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, jua limekwisha kukausha umande. Kabla ya saa hiyo, katika nchi ya baridi, usijisumbue, maana mdudu huyu hawezi kuruka mpaka mwili wake upate joto. Juu ya mti mkavu alikuwapo mmoja mwekundu mwili mzima, ambaye kijana alimpata upesi katika kurasa zake: Crocothemis erythraea, naye yuko tangu kusini mwa Afrika hadi Ulaya. Huyo tukamwacha.

Ndipo tulipoingia katika ndago, na hapo ndipo ilipotupasa kuinama. Wadudu wembamba wa buluu na weusi, urefu kama sentimita tatu, walikuwa wakiruka chini chini, hawapandi juu ya goti. Ukisimama wima huwaoni kabisa. Kwa mtazamo wa kwanza walikuwa aina moja. Yule mdogo alimkamata mmoja kwa namna tuliyomfundisha, yaani kuyakusanya mabawa yote manne yaliyofungwa kati ya vidole viwili, bila kumgusa mwili, naye hadhuriki. Nilikuwa na kioo changu cha kukuzia, ninachosomea herufi ndogo. Karibu na ncha ya kila bawa la kereng'ende kuna doa dogo, kama kipande cha wino. Katika huyu wa kwanza, doa la bawa la mbele lilikuwa la rangi mbili, nusu jeusi na nusu la buluu, na la bawa la nyuma halikufanana nalo. Mkia wake ulikuwa mweusi, na karibu na mwisho kuna pete moja ya buluu iliyong'aa kama taa. Kijana alisoma, akasema huyu ni Ischnura senegalensis, aliyeandikwa tangu mwaka 1842. Naye huyu ni wa kila mahali: yuko pwani, yuko kwenye mashamba ya mpunga, yuko hata Asia. Hata katika maji machafu anaishi.

Tukamwachia, akaenda zake.

Wa pili alikamatwa karibu zaidi na chemchemi. Madoa ya mabawa yake yote manne yalikuwa ya namna moja. Buluu ya mkiani ilikuwa pana zaidi. Nikaugeuza mwisho wa mkia kwenye mwanga, nikaona vile viungo vidogo ambavyo dume humshikia jike shingoni, navyo vilikuwa vimechomoza na kugawanyika mfano wa uma. Nilimpa kijana kioo, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasoma tena ukurasa wake, mara hii polepole.

"Maalim, huyu ni mwingine," alisema. "Hapa wamesema ni wa milimani."

Alikuwa Proischnura subfurcata. Mbelgiji mmoja, Edmond de Selys Longchamps, ndiye aliyemwandika mwaka 1876, na neno la mwisho la jina lake katika Kilatini maana yake ni mwenye kitu kilichogawanyika kidogo kama uma. Makao yake ni nyanda za juu zilizo wazi, tangu Ethiopia, kupitia Kenya, hadi kwetu. Hapendi msitu, wala hapendi joto la chini. Ukiteremka ule ukuta wa Magara, yeye utamwacha juu. Kwa Uingereza na vichaka vyake vya zambarau, yupo yule mwenye mshipa wa manjano; kwa nchi ya Gehandu na ndago zake, yupo huyu mwenye uma.

Sasa ukaja mtaro. Tuliuruka, tukaenda upande wa pili, uliokwisha kukaushwa. Kwa muda wa saa nzima vijana wale walitafuta katika majani, walikwenda na kurudi, na mwenye uma hawakumwona hata mmoja. Lakini je, upande ule haukuwa na kereng'ende? Walikuwapo tele! Katika madimbwi yaliyobaki ndani ya mtaro, wasafiri wa manjano walikuwa wakishuka na kugusa maji kwa ncha ya mkia, wakitaga. Mtu aliyesimama pale juu nyumbani angeona kereng'ende pande zote mbili sawasawa, pengine wengi zaidi upande wa mtaro. Na hiyo ndiyo hasara niliyosema kwamba jina moja huificha.

Jioni, baada ya Magharibi, tuliketi jikoni kwenye moto, maana nje baridi ilikuwa kali. Kijana wa kidato cha tatu alimweleza babu yake tuliyoyaona, na akamwonyesha picha ya ule mkia katika simu. Mzee alitazama kwa heshima ya mgeni, akarudisha simu.

"Maalim," aliniambia, "nimekusikia. Lakini kereng'ende halipi ada ya shule. Kitunguu saumu kinalipa."

Sikuona jibu la haraka la kumpa, wala sidhani linafaa jibu la haraka. Mtu yule ana watoto na wajukuu, shamba la kilimani limechoka, na udongo mweusi wa bondeni ni wa rutuba kweli. Wapo watu wa mjini wapendao kuwasomea wakulima hotuba juu ya wadudu, kisha wakarudi mjini kununua vitunguu. Mimi nilinyamaza. Aliyesema ni mkewe, bibi wa vijana wale, aliyekuwa akigeuza ugali.

"Mwaka jana kisima kilishuka mwezi wa tisa," alisema. "Hakikuwahi kushuka. Mimi ndiye niendaye kuchota, najua kamba iliongezwa kiasi gani."

Mzee hakujibu. Niliona lakini kwamba neno lile lilimwingia, kwani alikuwa ameshika kijiti cha kuchokorea moto na hakukitumia.

Mambo haya mawili yana uhusiano, nao si mgumu kuufahamu. Udongo wa kinamasi hushika maji ya masika kama sifongo na kuyatoa kidogo kidogo kiangazi. Ukikata mtaro, maji yanayongoja ndani yake hukimbia yote kwa pamoja. Kereng'ende mwenye uma hutaga mayai ndani ya mashina ya majani yaliyomo majini, na watoto wake wanahitaji maji yale yakae. Kwa hiyo yeye huondoka kwanza, na kisima hufuata. Serikali nayo imelifikiria jambo hili: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa na vyanzo vya maji vya namna hiyo. Mita hizo 60 watu wengi wamezisikia. Waliozipima ni wachache.

Na wala tusidhani kwamba kereng'ende kutoweka ni maneno ya kutishana. Katika msitu wa Amani, Usambara Mashariki, kuna mmoja mwembamba aitwaye Amanipodagrion gilliesi, aliyeandikwa na Elliot Pinhey mwaka 1962. Hajulikani mahali pengine popote duniani isipokuwa milima ile, na vijito anavyojulikana ni vya kuhesabu kwa kidole. Ametiwa katika daraja la mwisho kabla ya kutoweka, katika orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Kijito kikikauka pale, habari yake imekwisha. Mwenye uma wa Gehandu hayuko katika hali hiyo, alhamdulillahi. Nchi zake ni nyingi. Lakini nchi hizo huisha bonde moja baada ya bonde moja, na kila bonde lina mzee wake na ada za shule.

Kwa vijana watakaotaka kujaribu huko kwao, hasa walio Mbulu, Njombe, Lushoto, Makete au miguuni mwa Meru, vifaa si vya gharama. Kioo cha kukuzia, daftari, na saburi. Nendeni jua likiwa limepanda, kati ya saa nne na saa nane, siku isiyo na upepo mwingi. Inameni. Andikeni kwanza mahali na aina ya maji, kabla ya rangi. Kama mna simu yenye kamera, pigeni picha mbili: moja ya ubavu, na moja ya mwisho wa mkia kutoka juu. Mkimkamata, mwachieni palepale. Na aliye mwororo, mwenye mabawa yanayometameta kama mafuta, msimguse kabisa, kwani ndiyo kwanza ametoka majini na mabawa yake hayajakauka. Ule mchezo wa kumfunga uzi mkiani na kumrusha, ambao hata madrasa kwetu hauishi, nawaomba wazazi waukataze.

Kesho yake, kabla sijaondoka, mzee alitoka na mimi mpaka kwenye chemchemi. Alianza kuhesabu hatua zake kuelekea mtaro, akiwa ameinamisha kichwa, na mjukuu wake akimfuata nyuma. Zilikuwa hatua thelathini na nane. Alisimama, akatazama chini, akatazama nyumba yake, kisha akachomeka kijiti ardhini upande wa chini zaidi, mahali hatua zilipotimia sitini na kidogo. Hakusema ni cha nini. Tukaagana kwa kheri.

Mwezi wa Septemba kijana aliniletea picha kwa simu. Sehemu ya juu ya mtaro, kutoka mwanzo wake mpaka karibu na kijiti, imezibwa kwa mabonge ya udongo na ndago, na nyuma yake maji yamesimama. Sehemu ya chini ingali wazi, na vitunguu vyake, asema, vimezaa vizuri. Kamba ya kisima bibi hajaiongeza. Picha ya mwisho ilikuwa ya mkia mwembamba wa buluu juu ya jani la ndago, umepigwa kutoka juu kama tulivyoelekezana, na uma wake unaonekana.